Masuke meupe Mwea, wimbi jeusi Nyamira: maswali yenu kuhusu blasti

Mwezi huu maswali ni ya blasti, ugonjwa wa fangasi unaoshika mpunga, wimbi na ngano. Karibu kila swali limekuja na picha ya mpunga, na karibu kila picha ni ya suke. Hiyo tu inatosha kuniambia shida iko wapi: wengi wenu mko hapa Nairobi, shamba liko mbali, na mnaanza kuuliza mpunga ukishatoa suke. Nimechagua maswali machache, majina nimeyatoa, na yale yaliyofanana nimeyajibu pamoja.

Mwalimu habari. Mimi nko Umoja, nimeajiriwa, lakini nimekodi ekari mbili huko Mwea na kuna kijana ananiangalilia. Nilipanda pishori. Ile miezi ya kwanza ilikuwa kijani hadi majirani wakawa wanauliza tunaweka nini, sasa imetoa masuke na yamekuwa meupe kabla ya wakati, yamesimama wima, ukifinya punje hakuna kitu ndani. Kijana anasema ni mdudu wa shina, ashapiga dawa ya wadudu mara mbili na hakuna mabadiliko. Majani yalikuwa na madoa lakini kidogo tu hatukujali. Nifanye nini niokoe hii kitu? – Mkulima wa simu, Umoja

Pole sana ndugu yangu. Nianze na lile jibu hulitaki: suke likishakuwa jeupe halirudi, hata upige dawa gani, kwa hivyo hizo pesa za kupiga mara ya tatu zikae mfukoni utazihitaji msimu ujao. Yale masuke bado yana rangi yake yatajaza, ukivuna usiyachanganye na yale matupu kwa sababu mnunuzi akipima kwa macho ataona makapi tu na atakushushia bei ya gunia lote.

Sasa hiyo picha umenituma ni ya shamba zima kwa mbali na haiwezi kunisaidia sana, lakini kuna kipimo kijana anaweza kufanya leo leo bila kutoa hata shilingi. Ashike suke moja jeupe alivute polepole. Likichomoka bila shida na huko chini kwa shina apate tundu ama ungaunga wa kinyesi cha mdudu, basi ni mtoboa shina na kijana alikuwa sawa. Likigoma kutoka aangalie shingoni, pale kwenye fundo suke linapoanzia. Akikuta pameiva rangi ya kahawia au nyeusi kuzunguka shingo yote, hiyo ni blasti ya shingo. Fangasi imekaba hapo, maji na chakula havipandi juu, na punje zote zinabaki maganda. Kwa vile unasema majani yalikuwa na madoa, mimi naona ni blasti tu, na hiyo dawa ya wadudu mmepiga bure, tena mara mbili.

Hayo madoa ndiyo yalikuwa barua yenu ya kwanza. Doa la blasti ni pana katikati na limechongoka ncha zote mbili, kati ni kijivu, pembeni ni kahawia. Msichanganye na yale madoa madogo ya mviringo, kahawia tupu, yametawanyika jani lote, yale ni ugonjwa mwingine na mara nyingi huja kwa udongo wenye njaa. Doa moja tu la blasti linaweza kurusha spora, yaani vijimbegu vya fangasi, maelfu kila usiku kwa kama wiki mbili, upepo unazichukua, na jani likikaa na maji juu yake masaa kumi hivi huku joto likiwa kwa digrii 25 kwenda 28, spora inaingia. Baada ya wiki moja hilo doa jipya nalo linaanza kurusha zake. Sasa piga hesabu ya madoa "kidogo tu" ya mwezi wa kwanza hadi siku suke linachomoza.

Na kuna kitu umeandika ukijivunia lakini mimi kimenitia wasiwasi: kijani hadi majirani wanauliza. Naitrojeni ikizidi jani linakuwa laini, mashina yanajazana, hewa haipiti katikati na umande unakaa juu ya majani hadi saa nne asubuhi. Blasti inapenda hapo kuliko mahali popote. Muulize kijana aliweka magunia mangapi ya yuria ama SA (salfeti ya amonia) na aliiweka lini, usimuulize kwa ukali maanake atakudanganya. Wengi huimwaga yote kwa mara moja kwa sababu tajiri ametuma pesa yote mara moja na akikawia kuitumia ataulizwa. Mbolea igawanywe, sehemu mpunga ukishashika baada ya kupandikizwa, nyingine unapoanza kutunga suke ndani, na kama jani tayari limeshiba hiyo ya pili ipunguzwe, hata kama gunia umeshalipia.

Maji pia. Mpunga uliosimama kwa maji huivumilia blasti vizuri kuliko mpunga ambao shamba limekauka likapasuka. Najua Mwea maji ni ya zamu, na hata baada ya bwawa la Thiba kufunguliwa 2022 bado kuna mashamba ya mwisho wa mfereji ambako maji yanafika yamechoka, kwa hivyo kabla hujakodi tena usiulize tu bei ya ekari, uliza hilo shamba liko wapi kwa mfereji.

Halafu tukubaliane kuhusu pishori. Basmati 370, ambayo ndiyo pishori yenyewe, ni mpunga dhaifu mbele ya blasti, tunaipanda kwa harufu yake na bei yake si kwa nguvu zake. Aina kama BW 196 inazaa sana na inasumbuliwa kidogo na huu ugonjwa lakini haina hiyo harufu na sokoni unaona tofauti. Mimi sikwambii uache pishori. Nakwambia ukiamua kupanda pishori weka bajeti ya dawa ya fangasi tangu siku ya kwanza, usingoje ugonjwa uje ndio uanze kukopa. Dawa inapigwa mara mbili kwa wakati wake: mpunga ukiwa na mimba, suke bado halijachomoza, halafu tena masuke yakianza kutoka. Na kama madoa yameonekana mapema kwa majani hiyo ni sababu ya kupiga mapema zaidi.

Msimu ujao mbegu iwe ya KALRO Mwea, wale watafiti wa kilimo wa serikali, au ya muuzaji mwenye lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu na mimea, si ile umetoa kwa shamba hili hili. Kabla ya kwenda nasari, chukua maji uweke chumvi hadi yai bichi lielee, mwaga mbegu ndani, zinazoelea uzitoe, zilizozama uzioshe kwa maji safi. Punje nyepesi ndizo mara nyingi zinabeba magonjwa. Na mwambie kijana awe anakutumia picha ya jani, kwa karibu, kila wiki. Ukimlipia bando ya simu umetumia pesa kidogo kuliko dawa ya wadudu ya mara moja.

Mimi ni mwanafunzi hapa Nairobi, nasoma baiolojia. Lecturer alisema fangasi ya blasti inatoboa jani kwa nguvu, mimi sikuelewa, kitu haionekani hata kwa macho inapata wapi nguvu ya kutoboa? – Dada wa kampasi

Swali zuri na linafaa hata huyo wa Umoja alisome, utaona kwa nini.

Spora ikitua kwa jani lenye umande inajibandika kwa gundi yake, inaota, na mbele yake inatengeneza kichumba kidogo cha mviringo. Kile kichumba kinajipaka melanini, jamaa ya ile rangi iko kwa ngozi yetu, na hiyo inakifanya kisivujishe. Ndani kinajaza gliseroli nyingi, maji yanavutwa kuingia, na hayawezi kusukuma gliseroli itoke. Presha inapanda hadi kama megapaskali 8. Tairi ya matatu haifiki hata sehemu ya 10 ya hiyo. Hiyo presha yote inasukumwa kwa kijisindano chembamba chini ya kichumba, na jani linatoboka. Yote hayo ndani ya siku moja, na wewe mwenye shamba huoni kitu hadi siku nne tano baadaye.

Sasa dawa moja inayojulikana sana kwa blasti, trisaiklazoli, kazi yake ni kuzuia hiyo melanini isitengenezwe. Bila melanini kichumba kinavuja, presha haipandi, kutoboa hakuna. Ndiyo maana inasaidia tu ikiwa iko juu ya jani kabla ya spora, ikishaingia ndani imeshapita mlango dawa ilikuwa inaulinda. Zile za azoksistrobini na tebukonazoli zinafanya kazi kwa njia nyingine lakini hata hizo hazifufui suke lililokufa. Mwambie lecturer wako awapeleke Mwea, hii kitu darasani haishiki vizuri.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu yuko Nyamira, analima wimbi miaka mingi, ni ya uji na obokima (ugali wa wimbi) na inayobaki anauza kwa gorogoro. Msimu huu vidole vya wimbi vimekuwa vyeusi na vimenyauka, vingine nusu kidole kiko sawa nusu kimekufa. Jirani amemwambia ati ni ugonjwa wa mpunga umeletwa na mchele wa dukani. Nimemtumia mbegu mpya kutoka Nairobi amekataa kabisa, anasema yake ni ya mama yake. Nimwambie nini? – Kijana wa Kawangware

Marahaba. Kwanza mchele wa dukani haukuleta kitu, huo umekobolewa na unaenda kwa sufuria. Ila jirani hakukosea kabisa. Fangasi inayokula wimbi na ile ya mpunga ni spishi moja, lakini imegawanyika kwa koo, kuna ukoo wa mpunga, wa wimbi, wa ngano, na kila ukoo unashikilia mmea wake. Ya Mwea haitapanda basi kwenda Nyamira kula wimbi la mama.

Ya wimbi inatoka karibu zaidi. Inatoka kwa mbegu yenyewe, kwa mabua ya msimu uliopita yaliyoachwa shambani, na kwa yale magugu yanayofanana na wimbi hadi mtu anayapalilia akidhani ni mmea wake. Yale ni ndugu wa wimbi kweli, na wanabeba ugonjwa mmoja. Kama mama anarusha mbegu kwa mkono basi kutofautisha ni shida, ndio maana kupanda kwa mistari kunasaidia: kinachoota nje ya mstari kinang'olewa bila kesi.

Kuhusu mbegu, mimi niko upande wa mama kwa nusu. Mbegu ya nyanya yako, mama wa mama yako, imekaa kwa hiyo baridi na hiyo mvua miaka mingi na si ya kutupwa kwa sababu mtoto ametuma pakiti kutoka mjini. Kitu unaweza kumwomba, na umwombe wewe mwenyewe ukiwa nyumbani si kwa simu, ni achague mbegu shambani kabla ya kuvuna: apite akifunga uzi kwa yale masuke safi, yaliyofumbata, yenye punje za rangi iliyokoza, maanake kwa wimbi hayo ndiyo mara nyingi yanaivumilia blasti kuliko yale yaliyofunguka na punje nyeupe. Hayo avune peke yake, ayakaushe peke yake. Halafu hiyo mbegu yako ya pakiti apande mistari michache kando, bila kubishana. Akiona yeye mwenyewe ataamua. KALRO wana vituo Kisii, Kakamega na Alupe huko Busia, ni rahisi kupata mbegu ya wimbi iliyojaribiwa upande huo kuliko kuitoa huku.

Na apande mapema mvua ikianza. Wimbi lililochelewa linatoa vidole wakati spora za majirani wote ziko hewani.

Nilinunua mchele Nyamakima, ukiosha punje nyingi ni za kuvunjika na zingine nyeupe kama chaki. Nimesikia mpunga wa Mwea una ugonjwa. Hii si itatudhuru na watoto? – Mama Kasarani

Hapana mama, kula bila wasiwasi. Blasti ni ugonjwa wa mmea, haumpati mtu. Mpunga ulioguswa haujazi vizuri kwa hivyo punje zinakuwa nyepesi, za chaki, na zinavunjika kwa mashine, hasara ni ya ladha na pesa. Ingawa punje kuvunjika kunaweza kuletwa na mengi, hata kuanika vibaya, ama kuchanganywa, na huko sokoni pishori iliyochanganywa na mchele wa nje si habari mpya kwa mtu yeyote.

Kile cha kuogopa ni sumu inayoitwa aflatoksini na hiyo inatoka kwa fangasi nyingine kabisa, hasa kwa mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu. Ile ya 2004 Makueni na Kitui ilikuwa mahindi, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwa hivyo nafaka yoyote ikinuka uvundo ama ina kuvu ya kijani usiioshe ukapika, itupe.

Mimi nalima ngano Narok ekari kadhaa na nakaa Lang'ata. Kuna mtu kwa grupu ya watsap ametuma video ya ngano nyeupe ati ni blasti imemaliza Bangladesh na inakuja Afrika. Ni kweli ama ni zile za kutisha watu? Niuze shamba? – Mzee wa ngano

Mzee wangu, shamba usiuze. Video siijui lakini hiyo habari ina ukweli. Blasti ya ngano ilionekana mara ya kwanza Brazil, jimbo la Paraná, mwaka 1985. Ikatambaa Bolivia, Paraguay, Argentina, ikakaa huko Amerika Kusini miaka kama 30. Halafu 2016 ikalipuka Bangladesh, hekta karibu 15,000, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha imetoka Amerika Kusini. Haikupeperushwa na upepo hadi kule, bahari yote hiyo. Afrika iliripotiwa kwanza Zambia, Mpika, 2018, kwa ngano ya mvua.

Ukiangalia vizuri hiyo safari, utaona kitu cha kufanya: usilete mbegu ya ngano kwa gari kutoka nje ya mpaka, hata kama ni zawadi ya rafiki na inazaa ajabu. Mbegu kutoka nje ipite KEPHIS. Hilo mimi nalichukulia kwa uzito kuliko dawa, kwa sababu kwa ngano dawa ikikutana na mvua wakati wa kutoa suke mara nyingi inashindwa, na huko Brazil fangasi imeshazoea baadhi ya dawa za kundi la strobilurini, lile la azoksistrobini.

Dalili usichanganye na ugonjwa wa kutu. Kutu unaipangusa kwa kidole inabaki ungaunga wa machungwa au kahawia, na Narok mnaijua sana. Blasti ya ngano inafanya suke kuwa jeupe, mara nyingi nusu ya juu tu, kuanzia pale fangasi ilipokata, na chini yake bado ni kijani. Ukiona hivyo usikate ukapeleka grupu ya watsap. Mwite afisa wa kilimo wa kaunti ama KALRO Njoro waje wachukue sampuli. Suke jeupe linaweza kuletwa na mambo mengine pia, baridi kali, ukame, ugonjwa wa mizizi, kwa hivyo usikimbilie kutangaza.

Kuna mwanga pia. Kipande cha kromosomu kinachoitwa 2NS, kilichotolewa kwa nyasi pori ya jamaa ya ngano, kinasaidia ngano nyingi kupambana nayo, na Bangladesh walitoa aina yao ya BARI Gom 33 mwaka 2017 ikiwa nacho. Siku ukinunua mbegu mpya muulize muuzaji kama aina hiyo ina 2NS. Akikuangalia tu bila jibu, nenda kwa anayejua.

Nafuga ng'ombe watatu Ruiru, nanunua nyasi za mpunga za Mwea zikiwa zimefungwa marobota. Zikiwa na hayo madoa ng'ombe watadhurika? – Mfugaji

Hawatadhurika na blasti. Angalia tu zisiwe zimeota kuvu kwa kulowa. Kusema kweli wewe unamfanyia mkulima kazi nzuri, maanake nyasi zikibaki shambani ndiyo fangasi inajificha humo kungoja msimu mwingine. Robota zilizobaki usimpe jirani mwenye mpunga afunike nazo nasari yake, basi.

Huyu wa agroveti ameniambia nichanganye dawa ya ukungu, dawa ya wadudu na ile mbolea ya majani kwa pampu moja nipige mara moja nisave kibarua. Mpunga una mimba. Sawa? – Mwanamke wa Githurai, shamba Mwea

Dada yangu, mbolea ya majani itoe hapo. Nyingi zina naitrojeni, na wakati huu mpunga una mimba hutaki kuishibisha blasti siku ile ile unajaribu kuizuia. Dawa ya wadudu pia, uliza kwanza: mdudu gani? Kama hakuna aliyemwona, ni pesa yako inaenda. Na hata kama yuko, soma lebo kama hizo mbili zinaruhusiwa kukutana.

Dawa ya ukungu yenyewe iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za kilimo, kwenye lebo, na lebo iseme mpunga na iseme blasti, si "magonjwa yote". Kipimo ni kile kimeandikwa, kofia ya chupa si kipimo. Msimu uliopita kama ulitumia ya kundi fulani, mwaka huu tumia ya kundi lingine. Piga umande ukishakauka ama jioni kukiwa kumetulia, na kibarua apewe glavu na kitu cha kufunika mdomo. Halafu hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa hapo hapo. Hili watu hulipuuza, lakini 2017 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha trisaiklazoli kinachoruhusiwa kwa mchele hadi miligramu 0.01 kwa kilo, na wauzaji wa basmati wa India wakapata shida sana. Wetu tunakula wenyewe, ndio sababu zaidi ya kuhesabu.

Ukifika dukani upate lebo imebanduka, ama imeandikwa kwa lugha hamwezi kuisoma wewe wala yeye, mrudishie chupa yake.